Zumari ya Shiling na mrija wa mpapai



Jina la Shiling huenda hulijui, lakini kazi ya mikono yake pengine umeibeba. Ni mji ulio katika wilaya ya Huadu, kaskazini ya Guangzhou, China, na riziki yake ni ngozi na mabegi. Mkoba wa kwendea harusini ulionunuliwa Matrah, au begi la shule la mjukuu lililonunuliwa Deira, huenda safari yake ilianzia huko. Kuna mitaa ya ngozi tupu, kuna maduka ya zipu tupu na ya vifungo vitupu, na humo utawakuta Waafrika na Waarabu wakipatana bei kwa vidole na kikokotoo. Mwanangu hununua huko bidhaa za duka lake. Safari moja akanichukua, akisema kwamba mtu aliyekuwa karani miaka thelathini na tano hawezi kukosea kuhesabu makatoni. Nikahesabu siku mbili. Siku ya tatu, nimekaa juu ya katoni nasubiri risiti, nikasikia zumari.

Kwanza nilidhani ni simu ya mtu wa kwetu. Kisha nikatambua kwamba sauti inatoka nje, mbali kidogo, nayo imepanda juu ya honi za pikipiki na juu ya ule mlio mbaya wa utepe wa kufungia makatoni. Nikainuka. Mwanangu akaniuliza, "Baba, unakwenda wapi?" Nikamwambia nakwenda harusini.

Haikuwa harusi. Zilikuwa siku za sikukuu ya Pangu, yule ambaye katika hadithi za kale za Wachina ndiye aliyezitenga mbingu na ardhi. Shiling wana hekalu lake, na sikukuu yake huangukia mwezi wa nane kwa hesabu yao ya mwezi. Mambo ya hekaluni si yetu, wala sikuingia. Lakini njiani, chini ya turubai, walikaa watu sita: mwenye ngoma, mwenye matuazi, mwenye upatu, wawili waliokuwa wakinywa chai, na mzee wa umri wangu aliyevaa kandambili na shati la mikono mifupi. Huyo ndiye aliyekuwa akipuliza. Tulisimama pale mpaka adhuhuri, na risiti ilibidi tuifuate kesho yake.

Nitajaribu kueleza alichokifanya, maana watu wengi husema "anapiga vizuri" kisha wakanyamaza.

Alianza na sauti moja tu, ndefu, ya chini. Iliingia nyembamba kama uzi, ikanenepa taratibu, ikakaa. Haikutetemeka. Wapigaji wengi hutetemesha sauti mapema ili kuficha kwamba hawawezi kuituliza; huyu aliituliza kwanza, akaitetemesha baadaye, kwa hiari yake, pale ngoma ilipoingia. Nikatazama saa. Sekunde thelathini, arubaini, dakika nzima, na sauti haijakatika. Mashavu yamejaa, mabega hayapandi wala hayashuki, na macho yanamtazama mwenye ngoma kama mtu anayemsikiliza mwenzake akieleza jambo.

Kisha akapiga polepole, na hapo ndipo nilipovua kofia. Kupiga zumari kwa nguvu si kazi, kila mwenye mapafu anaweza. Kazi ni kuipiga kwa sauti ndogo bila ya kupotea mwili wake. Ukipunguza pumzi tu, chombo hukwama au hulia kama mlango mkavu. Mzee yule alishuka mpaka nikasikia vikombe vya chai vikigongana pembeni, na bado sauti ilikuwa nzima, ya mviringo, yenye joto. Aliposhuka hivyo, hata wauza mihogo ya kuchoma waliacha kuita.

Chombo chenyewe Wachina hukiita suona. Ni mti uliotobolewa, mwembamba juu na mpana chini, na tundu la ndani nalo hupanuka vivyo hivyo. Una matundu manane ya vidole, saba mbele na moja nyuma kwa kidole gumba. Chini huvishwa mdomo wa shaba uliofunguka kama ua. Juu kuna kineli chembamba cha shaba, na kwenye ncha yake hufungwa utete. Chini ya utete kuna kisahani ambacho midomo ya mpigaji huegemea. Aliyewahi kuona zumari ya Lamu kwenye goma au kirumbizi, au ile ya Wadigo, au mizmar ya Oman, keshaona ndugu zake suona.

Udugu huo si wa kubahatisha. Waajemi walikuwa na surnai, na jina hilo limetembea pamoja na chombo chake: Waturuki wakasema zurna, Wamalay serunai, Wachina suona. Sisi wa pwani jina tumelichukua kwa Waarabu, kutoka shina lile lile la mizmar, lenye maana ya kupuliza. Katika karne ya kumi na sita, jemadari wa China aitwaye Qi Jiguang aliiandika suona katika kitabu chake cha vita kuwa ni chombo cha kutolea amri kwa askari. Ukishaisikia kwa karibu hutauliza kwa nini aliichagua. Najua kuna atakayeniuliza kama merikebu za Zheng He ndizo zilizotuletea zumari. Merikebu za China zilifika pwani yetu mwanzoni mwa miaka ya 1400, na twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, hayo yanajulikana. Lakini zumari haikuhitaji merikebu za Wachina. Wao na sisi tulichota kisima kimoja, kila mmoja kwa njia yake.

Sasa, kwa nini sauti ile hupenya? Utete ni midomo miwili myembamba iliyobanwa pamoja. Ukipuliza hufunguka na kufunga upesi mno. Kwa sauti ile ambayo bendi hulinganishia vyombo vyake, ni mara 440 kwa sekunde. Kila sauti unayoisikia huwa imebeba nyingine ndogondogo juu yake, na chombo chenye tundu linalopanuka, tena chenye utete mkali, huzibeba hizo za juu nyingi na kwa nguvu. Sikio la binadamu nalo husikia vyema zaidi mitetemo ya baina ya 2000 na 5000 kwa sekunde, na huko ndiko zumari inakomwaga mali yake. Ndiyo maana ngoma kumi haziifuniki.

Tarumbeta ni nyumba nyingine kabisa. Tarumbeta haina utete. Kinachotetemeka ni midomo yako wewe mwenyewe ndani ya kikombe cha shaba. Ukitafuta ndugu yake pwani kwetu, usiende kwa zumari, nenda kwa siwa: ile ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya Pate, ambazo hupulizwa kwa midomo kupitia tundu la ubavuni.

Tofauti hiyo naijua kwa sababu nilipiga tarumbeta. Nilisomeshwa shule ya misheni, bweni, na shule ilikuwa na bendi ya vyombo vya shaba. Nilipewa tarumbeta iliyobonyea, nikaipenda kuliko chakula. Mpaka leo ninaipenda. Nikimsikia marehemu Hugh Masekela, wa Afrika Kusini, husimamisha kila ninalolifanya. Yeye naye tarumbeta yake ya kwanza aliipata kwa mkono wa padri, Trevor Huddleston, ambaye baadaye, mwaka 1960, aliletwa kwetu Afrika Mashariki kuwa Askofu wa Masasi. Kwa hiyo sitasema misheni ilitunyima muziki. Lakini katika shule yangu kulikuwa na mwalimu aliyetufundisha pamoja na tarumbeta jambo la pili: kwamba zumari ni chombo cha mapepo na cha watu wasiosoma. Hilo nalo nililishika vizuri, nililishika kuliko noti.

Na mjomba wangu alikuwa mpiga zumari.

Kwetu ni pwani ya kusini ya Mombasa, upande wa Vanga. Mjomba, ndugu wa mama yangu tumbo moja, alikuwa mvuvi kwa siku za kawaida, na usiku wa harusi au wa ngoma alikuwa mtu mwingine. Zumari yake aliifunga kwenye kitambaa cha kanga. Kisahani chake alikichonga kwa kifuu cha nazi, na tete zake alizikata kwa jani la mvumo, akazihifadhi ndani ya kopo la tumbaku. Kabla ya kupiga huweka utete kinywani, akauzungusha na kuulowesha kwa mate huku akizungumza na watu kwa upande mmoja wa mdomo.

Likizo moja nilirudi nyumbani na kiburi changu cha darasa la saba. Alipomaliza kupiga nikamwambia, mbele ya wenzake, "Mjomba, chombo chako kina sauti moja tu, kama mbuzi aliyefungwa." Wakubwa wakashtuka. Yeye hakukasirika. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakata shina la jani la mpapai, lile lenye uwazi ndani, akachota maji kwenye kata, akanipa vyote viwili. "Puliza, mpwangu. Viputo visikatike." Nikapuliza, pumzi ikaisha, viputo vikakatika. "Tena." Vikakatika tena. Mara ya tatu nikaona ni mchezo wa watoto, nikautupa mrija, nikaenda zangu kupiga tarumbeta chini ya mwembe.

Aliondoka duniani mwaka 1981. Mimi nilikuwa Maskati, na barua ilinifikia baada ya arubaini. Nilipokwenda kuhani nikauliza zumari iko wapi. Wakasema watoto waliichezea mpaka ikapotea.

Pale Shiling, wakati wa mapumziko, mzee aliweka suona juu ya meza, akamwita kijana wa miaka kumi na miwili hivi. Kijana akaja na glasi ya maji na mrija wa plastiki, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kupuliza. Viputo vikapanda bila ya kukatika. Nikamshika mwanangu mkono. Alidhani nimepatwa na kizunguzungu.

Mwanangu Kichina chake ni cha sokoni, lakini kilitosha. Mpigaji aliitwa na wenzake "shifu", neno wanalompa fundi yeyote aliyebobea, awe wa muziki, wa magari au wa kushona ngozi, kama sisi tunavyosema fundi au maalim. Alimruhusu kijana anionyeshe polepole, nami nawaeleza hapa kwa sababu ni jambo linaloelezeka.

Siri ni kwamba mtu ana ghala mbili za pumzi: mapafu na mashavu. Unapuliza kwa mapafu, na kabla hayajaisha, yakiwa bado na robo hivi, unaijaza hewa mashavuni. Hapo unaufunga mlango wa nyuma ya kinywa kwa kuinua shina la ulimi, kama unavyofanya ukiwa na maji mdomoni nawe unapumua kwa pua. Mashavu yakibanwa, hewa yake hutoka mbele na chombo kinaendelea kulia. Wakati huo huo unavuta pumzi fupi kwa pua, chap, mapafu yanajaa. Kisha unaufungua mlango na mapafu yanapokea kazi. Jambo zima halifiki sekunde moja. Ugumu haupo katika kuvuta, upo katika makabidhiano: wakati mashavu yanapokea zamu, msukumo hubadilika kidogo, na sauti huyumba. Mwanafunzi husikika kila anapovuta. Fundi hasikiki. Ndiyo maana wanaanza na maji, kwa kuwa viputo humwonyesha mtu kwa macho pale anapoyumba.

Kisahani kile nacho kina kazi. Midomo huegemea hapo na kuziba, utete wote ukawa ndani ya kinywa, huru, hauumwi na meno. Kwa hiyo sauti huongozwa na pumzi na kubanwa kidogo kwa midomo kwenye mzizi wa utete. Akikaza na kuongeza msukumo, sauti huruka oktava nzima juu kwa vidole vile vile. Akilegeza, huteleza chini ya noti, na hapo ndipo fundi yule alipokuwa akikaa zaidi: hakuigonga noti usoni, aliinyemelea kutoka chini akaifikia. Ulimi wake ulikata sauti kwa wepesi wa cherehani, kisha ukaacha kukata, na noti nne zikamwagika kama moja. Niliyemwita mbuzi alikuwa akifanya yote hayo. Sikuyasikia kwa kuwa nilifundishwa kutoyasikia.

Nilimwambia shifu kwamba mjomba wangu alikuwa na chombo kama hiki, Afrika. Akauliza swali moja. Mwanangu akalitafsiri bila kujua uzito wake: "Anauliza, alikufundisha?"

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikasema, "Alinipa mrija." Shifu akacheka sana, akamwonyesha yule kijana juu ya ndoo.

Msidhani kule mambo ni rahisi. Fundi aliniambia vijana wengi wanataka gitaa na simu, na harusi nyingi sasa zina spika. Mwongozaji wa filamu Wu Tianming alitengeneza filamu nzima juu ya huzuni hiyo, ya fundi wa suona na wanafunzi wake kijijini, ambamo mtoto hupewa tete refu afyonze maji kabla ya kuruhusiwa kushika chombo. Ilionyeshwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2016, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Lakini wao wameweka nguzo. Mwaka 1953 mpigaji Ren Tongxiang aliipeleka suona kwenye tamasha la vijana wa dunia huko Bucharest, akaiga milio ya ndege kwa utete ule ule, na dunia ikasikia. Mwaka 2006 serikali yao iliiandika suona katika orodha ya urithi wa taifa. Leo inasomeshwa vyuo vikuu mpaka udaktari. Mpiga suona anaweza kuwa profesa. Mpiga zumari wa kwetu alikuwa na kopo la tumbaku na mpwa mwenye kiburi.

Na sisi wa Ghuba tuna hisa katika jambo hili. Lewa inayochezwa Oman, Imarati, Bahrain, Kuwait na Qatar ni ya watu waliotoka kwetu. Katikati ya duara husimama mpiga mizmar, ngoma kubwa bado inaitwa msondo, na katika nyimbo zake kuna maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengine hawajui tena maana yake. Anayeibeba lewa ni yule mpulizaji mmoja. Nimekaa kwenye lewa mbili miaka hii ya karibuni ambako mpulizaji hakuwepo. Kulikuwa na kinanda cha umeme chenye kitufe cha sauti ya mizmar. Kitufe hakichoki na wala hakinyemelei noti. Watu walicheza, lakini wazee walikaa.

Kwa hiyo nina ombi kwa jamaa wanaosoma. Kama nyumbani kwenu, Sur au Sohar, Lamu au Msambweni, kuna mzee anayepiga, mrekodini kwa simu, na msirekodi wimbo tu. Mwambieni awaonyeshe anavyokata utete, anautoa jani gani, anaulowesha muda gani, anaufunga kwa uzi gani. Wimbo mtaupata kwa mwingine. Utete kila fundi ana wake, na huo ndio unaozikwa naye. Mimi nimejaribu kuukata kwa jani la mtende wa hapa mlangoni. Jani ni gumu na lina nyuzi, hupasuka likikauka. Natafuta mtu wa kuniletea jani la mvumo kutoka kwetu.

Wakati nasubiri, kuna mjukuu wangu wa miaka tisa. Kila usiku baada ya chakula huweka glasi ya maji mezani na mrija wa juisi. Rekodi yake mpaka jana ni sekunde kumi na moja kabla viputo havijakatika. Mama yake analalamika kwamba kitambaa cha meza hakikauki.